Kompyuta Inapotaka Kuhama Nyumba

Kama nyumbani kwako kuna kompyuta, hata ile inayofunikwa kitambaa cha kufuma isipate vumbi, basi mazungumzo ya leo yanaihusu.

Tuanze na nyumba moja. Ni nyumba ya mfano, ya kubuni, ila wengi mtaitambua meza yake. Juu ya meza hiyo ya chakula, usiku wa Jumapili, kuna kompyuta mpakato mbili. Moja ni ya mwalimu mstaafu. Aliinunua mtumba, ni ya mwaka 2016, herufi A imefutika kwenye kibodi, na ndiyo anayotungia mitihani ya majaribio kwa ajili ya shule ya jirani. Ya pili ni ya mpwa wake, mwanafunzi wa chuo. Hiyo ni mpya kidogo, na ndani yake mna ripoti anayotakiwa kuiwasilisha kesho saa tatu asubuhi. Zote mbili zinatumia Windows 10. Usiku huo, kama zilizopeana miadi, zote zinaleta ujumbe. Ya mpwa inasema toleo jipya, Windows 11, liko tayari kupakuliwa. Ya Mwalimu inasema toleo alilo nalo limefika mwisho wa kuhudumiwa.

"Mjomba, mimi nabonyeza," anasema mpwa. "Ni apdeti tu."

"Usibonyeze, mwanangu. Ngoja kwanza."

"Mjomba, kwako kila kitu ni ngoja kwanza. Hiyo yako haijaguswa tangu niko kidato cha kwanza."

Nani kati yao ana haki? Hilo ndilo swali la jioni ya leo. Methali hazitatusaidia, kwa sababu Kiswahili kimemkanya mwenye haraka na kikamkanya mngojaji vilevile. Tutafute jibu kwenye mambo yaliyokwisha kuwafika watu.

Kabla ya hapo, neno moja lifunguliwe. Hilo "apdeti" analolisema mpwa limebeba mizigo miwili, na ugomvi mwingi wa meza ya chakula unatokana na kuichanganya.

Mzigo wa kwanza ni kiraka. Mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuzibeba programu nyingine zote, umeandikwa na binadamu, mistari kwa mamilioni, na katika mistari mingi hivyo matundu hayakosekani. Tundu likigunduliwa, mtengenezaji anatoa kiraka. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Ni sawa na fundi aliyepanda juu ya paa kuziba bati linalovuja. Unaamka asubuhi, nyumba ni ileile, viti viko palepale, ila mvua haiingii.

Mzigo wa pili ni toleo jipya. Hapo hakuna cha kuziba bati. Hapo mnahama nyumba. Kuna kabati litakalokataa kupita mlangoni, kuna sufuria itakayopotelea njiani, na kuna siku mbili tatu za kuulizana chumvi imewekwa wapi.

Sasa, msikilizaji, mambo hayo mawili yana mwendo tofauti. Kiraka kiwekwe mapema. Kuhama kunaweza kusubiri. Tulirudie hilo, kwa sababu mengine yote ya leo yanasimama juu yake: kiraka mapema, kuhama kwa nafasi.

Je, kiraka kikichelewa kunatokea nini? Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, wafanyakazi wa hospitali nyingi za Uingereza walikuta vioo vya kompyuta vimegeuka vyekundu. Mafaili yamefungwa. Anayeyataka alipe dola 300 kwa bitcoin, na akichelewa bei inapanda maradufu. Iliyofanya hivyo ni programu ya utekaji iitwayo WannaCry. Haikungoja mtu afungue barua pepe ya ajabuajabu. Ikishaingia kwenye kompyuta moja, ilitafuta nyingine yenye tundu lilelile na kujipenyeza yenyewe. Ndani ya muda mfupi ilikuwa imefika katika nchi zaidi ya 100. Huko England, karibu theluthi moja ya mashirika yanayoendesha hospitali za umma yalivurugika. Miadi ya wagonjwa ilifutwa kwa maelfu, na magari ya wagonjwa yalielekezwa kwenda hospitali nyingine.

Kinachouma zaidi ni tarehe. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kilikuwepo, cha bure, kinangoja kuwekwa.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulikumbuka vibaya. Mwanzoni ilisemwa sana kwamba waliopigwa ni wale wa Windows XP, ile ya mwaka 2001, iliyoachwa kuhudumiwa mwaka 2014. Ilipochunguzwa ikaonekana kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, na Windows 7 mwaka ule ilikuwa bado inapewa viraka kila mwezi, iliendelea hivyo hadi Januari 2020. Mtu angeweza kubaki kwenye nyumba yake ya zamani bila kuhama na WannaCry isimguse, mradi bati liwe limezibwa. Mwalimu wetu pale mezani angelisikia hilo kwa furaha. Asifurahi mapema, tutarudi kwake.

Kwa nini wahalifu hupenda wanaochelewa? Kwa sababu kiraka kikishatoka, na wao hukisoma. Mahali kilipobandikwa panaonyesha tundu lilikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo, kila kompyuta ambayo haijawekewa kiraka ina tundu ambalo sasa linajulikana hadharani.

Haya, huo ni upande wa mpwa. Tugeuke upande wa Mjomba: mwenye haraka ya kuhama naye hupatwa na nini?

Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10, moja ya yale yaliyokuwa yakitoka kila nusu mwaka. Siku zilezile za mwanzo watu wakaanza kulia kwamba mafaili yao yamefutika. Yamefutika kabisa, si kwamba yamefichwa mahali. Picha, nyaraka, miziki.

Chanzo chake kinafaa kuelezwa taratibu, maana hakikuwa virusi wala uzembe wa mtumiaji. Windows inamruhusu mtu kuihamisha folda ya nyaraka kutoka diski moja kwenda nyingine, kwa mfano pale ambapo diski ya kwanza ni ndogo imejaa. Wengine walifanya hivyo, lakini baadhi ya mafaili yakabaki kwenye folda ya zamani. Toleo jipya lilipoingia likaikuta folda hiyo ya zamani, likaiona ni takataka ya kuhama, likaifagia pamoja na vilivyokuwa ndani. Ni sawasawa na kibarua wa kuhamisha vyombo anayekuta begi limebaki kwenye chumba cha nyuma akalitupa jalalani bila kufungua zipu.

Siku chache baadaye Microsoft ililisimamisha toleo hilo, na halikurudi hadi tarehe 13 Novemba, baada ya wiki karibu sita za kurekebishwa. Walioripoti kupotelewa walikuwa wachache mno ukilinganisha na waliolipokea. Lakini sikiliza hili, msikilizaji. Katika siku zile za mwanzo, toleo lilikuwa likiwafikia wale waliolitafuta wenyewe, walioingia kwenye mipangilio na kubonyeza kitufe cha kuangalia kama kuna kipya. Waliokaa kimya hawakuguswa. Na kuna wajaribu wa awali waliokuwa wameshaliripoti tatizo hilo kabla, ila taarifa zao zilizama katikati ya taarifa nyingine. Baada ya sokomoko hilo Microsoft iliongeza mahali pa mtoa taarifa kueleza uzito wa tatizo lake. Ilichelewa kwa wale waliokwisha kupoteza picha za harusi.

Asije mtu wa Mac akacheka. Novemba 2020 Apple ilipotoa toleo liitwalo Big Sur, baadhi ya wenye MacBook Pro za mwaka 2013 na 2014 walibaki na kioo cheusi kisichowaka tena. Mwaka mmoja kabla, toleo la Catalina lilikuja likizikataa kabisa programu za zamani za biti 32. Aliyekuwa na programu ya muziki au ya uhasibu ya miaka hiyo alihama, akaiacha mlangoni.

Lakini ushahidi mzuri zaidi kwa upande wa Mjomba unatoka kwa watengenezaji wenyewe, na hapa panaingia jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji kutafsiriwa: Ubuntu. Ni neno la ndugu zetu wa kusini, lile tunaloliita utu, na ni jina la mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu hutoa toleo lake la kudumu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kulihudumia miaka mitano bila malipo. Sasa angalia wanavyofanya. Aprili 2024 walitoa toleo la 24.04. Aliyekuwa ametulia kwenye toleo la kudumu lililotangulia hakuitwa kuhama siku hiyo. Aliachwa hadi toleo la kwanza la marekebisho lipite, na hilo lilikuja Agosti. Miezi minne! Wapishi wenyewe wanasema chakula kimeiva, ila wewe uliyeshiba subiri tuonje kwanza.

Hata Microsoft siku hizi haimwagi toleo jipya kwa wote kwa mpigo. Hulitoa kwa mafungu, na ikijua kwamba aina fulani ya kompyuta au kifaa inagombana nalo, huizuia kompyuta hiyo isiitwe mpaka ugomvi uishe. Kwa hiyo kompyuta yako ikiwa bado haijaletewa ujumbe wakati ya jirani imeletewa, usikimbilie kuilazimisha. Huenda kuna sababu.

Turudi mezani, maana wale wawili bado hawajalala.

Kwa usiku huu, Mjomba ameshinda. Ripoti ni kesho saa tatu asubuhi. Toleo jipya linakula gigabaiti kadhaa za bando, linaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na kompyuta itajizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa. Umeme ukikatika katikati ya safari hiyo na betri imechoka, asubuhi itakuta mwanafunzi yuko kwa fundi. Nairobi mtu hahami usiku wa tarehe 29 Juni wakati ritani ya kodi inatakiwa tarehe 30. Mwalimu hahami wiki ya kujaza alama. Fundi wa kupiga picha hahami Ijumaa yenye harusi Jumamosi. Mpwa anabonyeza kitufe cha pili, kile cha baadaye, kwa uso wa kununa.

Lakini ushindi wa Mjomba una mwisho, na mwisho wake una tarehe. Windows 10 ilizaliwa Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa viraka vya kawaida. Kumbuka tulichosema mwanzo: kubaki nyumba ya zamani si kosa mradi fundi wa bati anakuja. Sasa fundi ameaga. Kompyuta itaendelea kuwaka kama kawaida, itaandika, itachapa, itaonyesha video, na hapo ndipo mtego ulipo, maana hakuna kitu kitakachoonekana kimeharibika. Matundu mapya yatagunduliwa tu, na hayatazibwa.

Kwa mpwa njia iko wazi. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Imeshaonjwa na watu wengi kwa miaka, aibu zake za mwanzo zimejulikana, na kompyuta yake inakidhi masharti. Kungoja zaidi hakumpi kitu. Jumamosi, ripoti ikiwa imeshawasilishwa, ahame.

Je, ahame vipi? Mafaili yote ya maana yanakiliwa kwanza kwenye diski ya nje au flashi, kisha diski hiyo inachomolewa na kuwekwa kando. Wapo watakaosema Windows ina njia ya kurudi nyuma, na ni kweli: kwa siku 10 baada ya kuhama, mtu anaweza kurudi kwenye toleo la zamani. Njia hiyo inarudisha mfumo. Haikuahidi kurudisha picha zilizofutika. Waulize wa Oktoba 2018. Kisha, kabla ya kuhama, atazame vile vifaa vinavyosahaulika hadi siku vinapogoma: printa, skana, ile programu ya takwimu ya chuo. Mara nyingi toleo jipya lenyewe halina shida, shida iko kwa printa ya zamani ambayo mtengenezaji wake hakujisumbua kuiandikia draiva mpya.

Kwa Mwalimu mambo ni magumu zaidi, na Afrika Mashariki wako wengi kama yeye. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo, ukiacha vighairi vichache, inaanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta yake ni ya 2016. Amekosa kwa mwaka mmoja! Microsoft ina programu ndogo ya bure, PC Health Check, ya kumwambia mtu kama kompyuta yake inafaa au haifai. Kwake inasema haifai. (Na wewe unayekwenda kununua mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, muulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Bei ya chini mara nyingi ina sababu yake.)

Fundi wa mtaani atamwambia kuna mlango wa uani. Ni kweli upo, wengi wameupitia. Lakini Microsoft imeeleza kwamba kompyuta iliyoingizwa Windows 11 bila kukidhi masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Kuhama kote huko ilikuwa kumtafuta fundi wa bati, na sasa unahamia nyumba ambayo fundi huyo hajaahidi kufika?

Amebakiwa na njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kununua muda. Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, unaoendelea kuipa Windows 10 viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Gharama yake ni dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kupitia akaunti ya Microsoft. Anajiandikisha kwenye mipangilio, palepale penye masasisho, na Windows 10 yake iwe ile ya mwisho, 22H2. Hii haimhamishi Mwalimu. Inambakizia fundi wa bati kwa muda mfupi, wakati anatafuta nyumba.

Ya pili ni kuhamia Ubuntu, au ndugu yake Linux Mint, mifumo ambayo haimuulizi mtu kizazi cha prosesa. Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kuionja bila kuhama. Mfumo unawekwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa kutokea hapo, na ndani ya diski hakuna kinachoguswa. Ukiridhika unausimika. Usiporidhika unachomoa flashi, unaiwasha upya, Windows yako iko palepale. Tahadhari ni moja: asiyeweza kuishi bila programu fulani ya Windows, iwe ya uhasibu au ya ofisini, aichunguze hiyo kwanza.

Basi Jumamosi asubuhi. Mpwa ameshahama, kioo chake kimebadilika, kitufe cha kuanzia kimesogea katikati, na ameshalalamika mara mbili. Sasa amekaa kwa Mjomba na flashi mkononi. Mwalimu ameshajiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza, mtihani wa kidato cha pili uko kwenye diski ya nje ndani ya kabati la vyombo, na amesimama nyuma ya kiti kama msimamizi wa mtihani.

"Hii haifuti kitu?"

"Haifuti, Mjomba. Tunaonja tu."

Kompyuta inawaka, inaonyesha jina la Ubuntu, na Mwalimu analisoma kwa sauti. Waifai inakubali. Herufi A bado haionekani kwenye kibodi. Kisha mpwa anachomeka printa iliyowahi kugoma wiki tatu, na wote wawili wanaitazama. Inakaa kimya. Inakohoa. Inavuta karatasi. Mwalimu anavaa miwani, anaichukua karatasi ikiwa bado ina joto, anaigeuza huku na huku, anauliza hiyo flashi inauzwa shilingi ngapi.

Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza juu ya manenosiri, na kwa nini jina la mtoto wako wa kwanza halifai.